Sekunde Tisa za Bawabu

Mwaka ule mjini Sumbawanga watu walikuwa wameacha kusalimiana kwenye simu. Uso kwa uso walisalimiana kama kawaida, makofi yakapigwa, goti likakunjwa. Lakini mtu akishaweka simu sikioni, alianza na ukelele.

Asubuhi ile Gaudensia Kapele alikuwa kwenye foleni ya nyama. Muuza nyama, bwana mmoja mnene mwenye aproni yenye damu, alibonyeza simu kwa kidole cha mwisho kilichobaki kisafi, akapayuka: "Moto! Moto jamani, tunateketea!"

Hakuna aliyegeuka. Bwana yule alitulia, midomo ikihesabu polepole mpaka tisa, kisha sauti ikashuka. "Ee, Osmundi, vipi huko bondeni? Yule dume umeshamfunga au bado unamtazama tu?"

Alipomaliza, mama mmoja kwenye foleni akamuuliza, "Leo umeungua nini?"

"Nyumba. Jana nilifiwa na baba. Lazima nibadilishe badilishe, Bawabu asije akanizoea."

"Baba yako si alikufa mwaka juzi?"

"Alikufa. Na mwezi uliopita amekufa mara nne."

Watu wakacheka. Gaudensia naye akacheka, kwa mdomo tu. Alichukua nusu kilo yake, akaivusha barabara yenye matope mpaka kwenye jengo la ghorofa mbili lenye mnara mgongoni, akaning'iniza nyama dirishani kwenye baridi ya nje, akakaa mbele ya skrini. Bawabu ilikuwa kazi yake. Mwezi huo alikuwa anatimiza mwaka wa tatu.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Sauti ya mtu ikiingia kwenye simu hukatwakatwa vipande vidogo, hamsini kwa kila sekunde, na kila kipande hufungwa kama kifurushi na kuandikwa kinakokwenda. Vifurushi hivyo hupita njia moja na kila kitu kingine: filamu, picha za harusi, taarifa za pampu za maji, ramani za ndege ndogo zinazopeleka dawa vijijini. Filamu ikichelewa, mtu atakuna kichwa na kungoja. Sauti ikichelewa kidogo tu, watu wawili wanaanza kukanyagana maneno. Ikichelewa zaidi wanabaki kuitana halo, halo, mpaka mmoja achoke. Kwa hiyo mafundi wa zamani waliamuru sauti ipite mbele ya vyote, na mambo yakawa shwari.

Kisha mitambo ya simu ya zamani ikazimwa, maongezi yote ya nchi yakahamia njia hiyo hiyo, na masika yakarefuka. Mvua nzito hula mawimbi yanayoruka kutoka mnara wa mjini kwenda minara ya Bonde la Rukwa. Siku ya mvua, njia nzima ya bondeni ilibaki na nafasi ya simu arobaini safi, na watu wa bondeni wanapita laki. Kusema sauti itangulie hakukutosha tena. Ilibidi kusema sauti ya nani.

Walijaribu namba ya dharura, ikawashinda. Mtu wa huku akipatwa na jambo hapigii zahanati, anampigia mtu wake: shangazi, padri, rafiki aliyecheza naye. Huyo ndiye anayekimbia kugonga mlango wa nesi. Basi wakatengeneza Bawabu. Bawabu alisikiliza sekunde tisa za mwanzo za kila simu, akazipima, akaipa simu ile namba kuanzia sifuri mpaka saba. Saba ilipita hata kwenye mvua ya mawe. Sifuri ilipita njia ikiwa tupu.

Na ili Bawabu ajue kupima, ilibidi kwanza binadamu wamwoneshe. Gaudensia na wanawake wengine wanne walikaa miezi saba kwenye chumba chenye mazulia ukutani, wakasikiliza vipande elfu sitini vya sekunde tisa, na kila kipande wakakibandika namba.

* * *

Saa nne asubuhi mlinzi alimleta mzee mmoja, mrefu, aliyevaa koti la mvua la plastiki lililofungwa kwa kamba kiunoni. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Alivua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina. Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Za utokako?"

"Nzuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Gaudensia hakuwa na watoto, lakini ndivyo inavyojibiwa.

"Mvua vipi huku juu?"

"Inanyesha tu. Huko kwenu?"

"Hata kwetu inanyesha. Barabara imekatika, nimepanda mlima kwa miguu, nimelala njiani siku moja. Na kazi zinaendelea?"

"Zinaendelea, tunashukuru. Nyumbani wazima?"

"Wazima kabisa. Hatujambo, ila mke wangu amefariki. Jumanne inatimia wiki ya tano."

Gaudensia aliitazama saa ya ukutani. Lilikuwa zoea la kazi, jicho lilikwenda lenyewe. Neno lenyewe la msiba lilikuwa limefika karibu na sekunde ya arobaini.

"Pole sana, mzee wangu. Keti."

Mzee aliketi. Alijitaja: Vitus Nkondo, wa Kalumbi, bondeni. Mkewe aliitwa Skolastika. Walikuwa shambani wakipalilia, mvua imefunga huku mlimani tu, jembe likagonga kichuguu chenye nyuki. Mzee alipata miiba kama ishirini, akavimba mikono, basi. Mkewe alipata mitano tu, koo likaanza kufunga.

"Nikampigia shemeji yangu, katekista Anselmi. Ni kaka wa marehemu mke wangu. Anakaa ukuta kwa ukuta na zahanati. Yeye angemwambia nesi, nesi angerusha ile ndege yenye sindano. Dakika ishirini inakuwa imefika, tumeshaiona ikija kwa wengine. Simu ikapokelewa. Nikamwambia. Halafu ikakatika. Nikapiga tena mara sita, haikuita hata mara moja."

"Na yeye hakufanya kitu?"

"Ndiyo nimekuja." Mzee alikunja kofia magotini. "Anselmi anasema sikumwambia kitu. Anasema nilimsalimu, nikamwambia hatujambo, simu ikafa, akarudi kwenye maharage yake akijua dada yake mzima. Ameapa mbele ya ukoo wao. Sasa wanasema nilikaa nikamtazama mke wangu mpaka akakata roho, kisha nikatunga habari ya simu. Siku ya kuanua matanga hawakula kwangu. Miaka arobaini na mmoja nimekaa na binti yao. Wamekuja wamekaa, wameondoka, chakula kimebaki kwenye masufuria."

Alitazama waya zinazopanda ukutani.

"Watu wanasema ninyi mnahifadhi sauti. Nataka niisikie yangu, nijue. Kama nilisema, mniandikie, nikawape wasome. Kama sikusema, basi nimeshakuwa mwongo na sijijui."

Gaudensia aliingiza namba ya simu na tarehe. Simu ikaonekana. Pembeni yake palikuwa na sifuri. Alimpa mzee visikilizio, akamrekebishia masikioni, mwenyewe akachukua vingine.

*Tumsifu Yesu Kristu, shemeji.*

*Milele na milele, amina. Karibu shemeji.*

*Nimekaribia. Hamjambo hapo?*

*Hatujambo, sijui ninyi huko?*

*Hatujambo—*

Ikaisha.

"Endelea," alisema mzee.

"Imeishia hapo, mzee."

"Haikuishia hapo. Nilisema hatujambo, ila dada yako ameumwa na nyuki, koo linafunga, mwambie nesi arushe ndege. Nililisema hilo mara tatu, nne. Nilipiga kelele mpaka marehemu mwenyewe, aliyelala pale chini, akanishika mguu ninyamaze."

"Sheria inaturuhusu kuweka sekunde tisa tu. Zaidi ya hapo ni siri ya mtu."

Mzee Vitus alivua visikilizio polepole kama anayevua kitu cha mwenyewe asije akakivunja. "Basi hizo mlizoweka," alisema, "ni za kunifunga."

Gaudensia alifungua ukurasa mwingine, ule usio na sauti, wenye hesabu tupu. Baada ya sekunde ya tisa simu ya mzee ilikuwa imetoa vifurushi elfu mbili na mia tatu. Vilivyofika kwa Anselmi vilikuwa kumi na kimoja. Sekunde arobaini na sita mtu huyu alikuwa ameongea bila kupumzika, na karibu vifurushi vyote viliwekwa kando kupisha simu nyingine. Aliangalia simu zilizopita mbele yake dakika ile. Ishirini na sita kati ya zile arobaini zilikuwa na saba, zote kutoka mjini. Moto. Nakufa. Mama ameanguka. Alijua hata bila kuzisikiliza kwamba nyingi zilikuwa za madume ya mbuzi.

"Mzee," alisema, "uliongea. Hapa naona uliongea. Maneno gani siwezi kujua, lakini uliongea na hayakufika."

"Basi niandikie hivyo."

"Subiri kidogo."

* * *

Injinia Hemedi Kilindo, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa Pangani ambaye baridi ya Ufipa ilikuwa haijamtoka mwilini kwa miaka sita. Alikaa na sweta mbili na chupa ya chai ya tangawizi. Hakuwa mtu mbaya, na Gaudensia hakuwahi kumwona akimnyanyasa mtu.

"Mwandikie barua ya rambirambi, Bi. Gau," alisema. "Nzuri. Nitaweka muhuri mimi mwenyewe."

"Rambirambi haisemi kwamba aliongea."

"Basi mwandikie aliongea."

"Nikiandika aliongea na hayakufika, lazima nijaze fomu ya chanzo. Kuna mtu amekufa."

Kilindo aliweka kikombe chini. Wote wawili waliijua fomu ile. Ilikuwa na visanduku viwili. Kosa la mpigaji: kampuni inapeleka mabango mengine kijijini, yale ya ANZA NA SHIDA yenye picha ya mama akipunga mkono, na mambo yanaisha. Kosa la mashine: kifungu cha kumi na nne, Bawabu anazimwa bonde zima, siku tisini, mpaka wachunguzi waje.

"Leo ni Februari sita," alisema Kilindo. "Hesabu mwenyewe. Masika yote. Simu arobaini, watu laki, na kila mtu sawa na mwenzake. Unajua kinachotokea? Wote wanapata makombo."

"Najua."

"Tangu Oktoba Bawabu ameokoa watu thelathini na mmoja bondeni."

"Najua, Injinia. Ni mimi niliyewahesabu."

"Basi?"

Gaudensia aliitazama chupa ya chai. Alikuwa anakumbuka siku moja kwenye kile chumba chenye mazulia, mwezi wa tatu au wa nne. Aliletewa kipande: mwanamke anasalimu, anasalimiwa, anasema hatujambo, kipande kinaisha. Alimwambia mwalimu wao aliyekuja na ndege kutoka mbali, "Huku mtu huanza na hatujambo. Shida huja baadaye." Mwalimu akamuuliza baada ya muda gani. Akasema inategemea heshima. Mwalimu akatabasamu, akasema mashine haiwezi kungoja heshima, sekunde tisa zinatosha, bandika unachosikia. Ilikuwa inakaribia saa ya chakula, na siku hiyo kulikuwa na wali. Gaudensia alibandika sifuri. Wenzake walimwangalia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa, wakabandika sifuri. Tangu hapo kila hatujambo ikawa sifuri, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepukuchua mahindi huku akiongea habari nyingine.

Yeye mwenyewe alipopigiwa kuambiwa baba yake amefariki, mjomba alimsalimu mpaka akauliza habari za jirani.

"Hatuwezi kumfundisha upya kimyakimya?" aliuliza.

"Miezi minne. Na hawaruhusu bila sababu iliyoandikwa. Ukiandika sababu, umeshamzima." Kilindo alijikunyata ndani ya sweta. "Sikiliza, dada yangu. Mimi namwonea huruma yule mzee. Wallahi namwonea. Lakini yeye anadai jina safi. Kuna mtu sasa hivi huko chini anadai roho, na hatumjui bado."

"Huyu tunamjua."

"Ndiyo maana ni rahisi kumpendelea."

Hilo lilikuwa kweli na Gaudensia aliliona ni kweli. Alijitafuta kifuani kama kuna mahali panapouma, akakosa. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi: upo, unauona, ukiugusa ni wa mtu mwingine. Alirudi mezani kwake, akafungua fomu. Mzee Vitus alikuwa ameketi palepale, kofia magotini, akiangalia nyama dirishani.

Alisoma kisanduku cha kwanza. Kosa la mpigaji. Akasoma cha pili. Aliona tu kwamba kimoja ni kweli na kingine si kweli, na kwamba zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kushika. Alibonyeza cha pili. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: *Mashine ilifundishwa kwamba anayejibu hatujambo hana shida. Aliyefundisha ni mimi, Gaudensia Kapele. Mpigaji aliongea sekunde arobaini na sita baada ya hapo. Hayakufika.*

Kilindo alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake.

"Watu watakufa, Bi. Gau."

"Watakufa."

"Unalisema hivyohivyo?"

"Ulitaka nilisemeje?"

Injinia alitikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Saa sita kamili mchana rangi za skrini zilizima. Simu zote za bondeni, zile saba na zile sifuri, zikawa kijivu kimoja.

Karatasi ilitoka kwenye mtambo wa kuchapa ikiwa ya moto. Gaudensia aliipiga muhuri, akampa mzee. Mzee aliisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kwa muda mrefu.

"Hapa kuna jina la mtu."

"Langu, mzee."

"Wewe ndiye uliyeifundisha?"

"Tulikuwa watano. Lakini hiyo ya hatujambo ni mimi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapahapa. Kaengesa."

"Mfipa." Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza kama anayemtazama mtu. "Na kwenu mtu akiulizwa hali anajibuje?"

"Anajibu hivyohivyo."

Mzee Vitus aliikunja karatasi mara mbili, akaiingiza ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya shati. "Asante," alisema. Kisha akiwa mlangoni akasimama. "Sijui kama ndilo neno lake, hilo la asante. Lakini jingine silijui."

* * *

Mjini watu waliacha kuungua. Muuza nyama alipayuka moto siku mbili tatu, akaona haimsaidii, akaanza tena kuuliza habari za asubuhi, na kwa sababu simu ilimpa neno moja kati ya manne, akawa anaiuliza habari hiyo hiyo mara tano. "Afadhali nimwandikie barua Osmundi," alisema, "nimpe mbuzi aibebe."

Bondeni mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Gaudensia alikaa mbele ya ile rangi ya kijivu. Hakukuwa na cha kupima wala cha kuhesabu isipokuwa vifurushi vinavyotoka na vinavyofika, na hivyo alivihesabu.

Siku ya kumi na mbili tangu Bawabu azimwe, mvua ikinyesha tena, aliona namba moja ya kijiji cha Itumbu imepiga zahanati moja kwa moja. Imepiga tena. Imepiga tena. Mara kumi na nne ndani ya saa moja, na kila mara simu ilipokelewa, na kila mara vifurushi viwili katika kumi vilipita, visivyofuatana. Kisha ikaacha kupiga. Aliandika namba ya simu na saa kwenye karatasi. Kesho yake taarifa ikaja kwa redio ya polisi: binti wa miaka ishirini na sita, Restituta, ameumwa na nyoka, swila, akiokota kuni. Dawa ilikuwapo zahanati. Ndege ilikuwa imekaa kibandani, betri imejaa.

Gaudensia aliomba ruhusa. Kilindo alimtazama, akamsainia. Hakumwambia nilikuambia. Alimpa sweta moja.

Bodaboda lilimfikisha ukingoni mwa mlima, barabara ilipokatika. Dereva wake alikuwa msemaji. Alimwambia kwamba huko Kalumbi katekista mmoja amesoma karatasi mbele ya mlango wa kanisa, akaisoma mara ya pili kwa sauti, kisha akaenda kwa shemeji yake na ukoo mzima wakala ugali uliolala, wakaumaliza. "Wanasema katekista alikula huku analia. Mimi sikuwapo. Wewe ndugu zako wako bondeni?"

"Hapana."

"Basi unashuka kufanya nini na mvua yote hii?"

"Nina msiba."

"Aa. Pole, mama. Ni nani kwako?"

Gaudensia alishuka, akakunja sketi, akaanza kuteremka.

Itumbu kulikuwa na nyumba kumi na mbili na watu wengi. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, moto ukifuka kwa kuni mbichi. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, miguu imenyooshwa. Alivua viatu mlangoni, akaingia kwa magoti, akapiga makofi taratibu, wakaitikia. Walimsogezea nafasi. Mama wa marehemu alikuwa amekaa pembeni, mgongo ukutani, kitambaa kimefungwa kiunoni. Si mzee, labda wa umri wa Gaudensia mwenyewe.

"Umetoka mbali?" mama aliuliza.

"Mjini."

"Ulimfundisha Resti shuleni?"

"Hapana."

Mwanamke aliyekaa kando yake, mdogo wake bila shaka, akasogea mbele. "Basi wewe ni nani kwa marehemu, dada?"

"Si ndugu. Natoka ofisi ya mtandao. Yule Bawabu wa simu, mimi ndiye niliyesababisha azimwe."

Wanawake wa mikeka ya nyuma waligeuka kumtazama. Mvua ilisikika kwenye bati. Yule mdogo mtu alifungua kinywa, mama akamwekea kiganja juu ya goti.

"Nilipiga mara kumi na nne," alisema mama.

"Najua. Nilikuwa naangalia."

"Ulinisikia?"

"Sauti hatuipati tena. Naona hesabu tu."

"Sikumsalimu mtu." Alisema kwa sauti ileile tambarare, kama anayesoma orodha. "Mlikuja hapa na yale mabango. Anza na shida. Nikaanza na shida. Nilisema nyoka, nyoka, nyoka. Nesi anasema halo. Nasema nyoka. Anasema halo. Hata hodi sikupiga." Alinyoosha kitambaa kiunoni. "Mlizima kwa nini?"

Gaudensia alimweleza. Hakupunguza wala hakuongeza: mzee wa Kalumbi, nyuki, sekunde tisa, karatasi. Wanawake walisikiliza. Mmoja alisema taratibu, "Huyo Skola namjua, tuliimba wote kwaya."

Mama alirudisha mgongo ukutani. Mtoto mchanga wa mtu alilia, akanyonyeshwa, akaacha.

"Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inatoa namba."

"Ndiyo."

"Mzee yule ilimpa ngapi?"

"Sifuri."

"Na mimi, kama ingekuwepo. Nilivyokuwa napiga zile kelele. Resti wangu ingempa ngapi?"

Gaudensia angeweza kusema sijui. Ungekuwa uongo mdogo, wa kumfaa mtu, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye angeugundua. Alimtazama mama machoni.

"Saba."

"Saba ni ya mwanzo au ya mwisho?"

"Ndiyo ya juu kabisa. Hakuna inayopita mbele yake."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, mara moja, mara mbili. Alimgeukia mdogo wake.

"Umesikia? Anasema angekuwa saba."

"Nimesikia, dada."

"Saba," alisema mama. "Resti."

Kutoka mkeka wa nyuma mwanamke mmoja mwenye masikio mazito akauliza amesemaje, na wa mbele yake akamwambia. Yule naye akamwambia wa mlangoni. Neno likapita mkeka hadi mkeka, likatoka nje kwenye turubai, na Gaudensia, mikono mapajani, akawasikia wanaume wakiambiana mmoja baada ya mwingine ndani ya mvua: saba, angekuwa saba.